Kampuni Ikikuuzia Hisa Zake: Uliza Haya Kabla ya Kukatwa Mshahara

Jumapili moja jioni shemeji yangu alinipigia simu. Si kawaida yake. Yeye ni mtu wa ujumbe mfupi, tena maneno matatu. "Shem, wewe unafanya kazi na watu wa pesa," akaanza bila hata kuniuliza habari za watoto. "Tumetumiwa barua pepe kazini. Kampuni inatuuzia hisa zake. Mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa. Nichukue ama niachane nayo?"

Yeye ni fundi wa mitambo katika kampuni tanzu hapa Kenya. Mama wa kampuni yenyewe yuko Ulaya. Amekaa hapo miaka 9, na barua za aina hii alikuwa akizifuta bila kuzisoma. Safari hii alisoma kwa sababu wenzake kwenye zamu walikuwa hawazungumzi jambo lingine. Masharti yalikuwa hivi: anaweza kununua hisa hadi za shilingi 60,000, akikatwa 5,000 kila mwezi kwenye mshahara kwa mwaka mmoja. Bei ingekuwa na punguzo la asilimia 20. Lakini hisa hizo zingefungwa miaka mitano. Na huku kifungua mimba wake anaingia sekondari Januari. Wenzake wawili, alinieleza, tayari walikuwa wamechukua mikopo ya simu ili makato yasiwabane.

Nilimwambia anipe siku mbili. Makala haya ni yale niliyomrudishia, nikiongeza machache kwa ajili yako wewe ambaye huenda barua kama hiyo iko kwenye simu yako sasa hivi.

Ni chama, ila kubwa kidogo

Mkenya akisikia "hisa" anafikiria mambo ya mabwana wenye suti. Akisikia "chama" anajua mara moja: tunachanga, tunaweka pamoja, tunachagua wa kutuwakilisha, na mwisho wa mwaka tunagawana. Mpango wa hisa za wafanyakazi uko karibu zaidi na hilo la pili kuliko tunavyodhani. Wafanyakazi wanachanga kutoka mshahara, kampuni inaongeza kitu juu, na hisa zinawekwa mahali pamoja chini ya watu wa kuzisimamia.

Tofauti kubwa ni moja. Katika chama, pesa zinaweza kwenda kwenye ploti, mabati ya nyumba au viti vya kukodisha. Hapa pesa zote zinaenda kwenye kitu kimoja: hisa za mwajiri wako.

Hicho kitu kinachoongezwa juu huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni punguzo. Hisa ya shilingi 1,000 unauziwa 800. Hapo siku ya kwanza tu umepata faida ya robo ya pesa uliyotoa, kwenye karatasi. Bei inaweza kuanguka kwa asilimia 20 na bado ukawa palepale ulipoanzia. Ya pili ni nyongeza ya hisa za bure. Siemens, kampuni ya Ujerumani ambayo inafanya kazi hapa Nairobi pia, ina mpango unaojulikana sana wa aina hii: kwa kila hisa 3 mfanyakazi anazonunua na kuzishika takriban miaka mitatu, anapewa 1 ya bure, mradi bado yuko kazini. Piga hesabu. Hisa 3 za shilingi 5,000 ni 15,000. Ukiongezwa moja unakuwa na nne. Hata bei ikishuka hadi 3,750, hisa zako nne bado ni 15,000. Kwa hivyo bei ingelazimika kushuka zaidi ya robo ndipo uanze kula hasara.

Sacco gani inakupa kinga kama hiyo? Ndiyo maana sikumwambia shemeji akatae palepale.

Sauti ya mwenye hisa moja

Sehemu hii ndiyo iliyonivutia zaidi, na barua nyingi za kampuni hazisemi lolote juu yake. Ukinunua hisa unapata pia kura. Mfanyakazi mmoja mwenye hisa 12 ni tone baharini. Lakini wafanyakazi wakikusanya kura zao?

Huko Siemens wafanyakazi walifanya hivyo. Waliunda chama kilichosajiliwa, chenye makao Munich, cha wafanyakazi wanaomiliki hisa za kampuni yao. Si chama cha wafanyakazi cha kutetea mshahara. Hicho kipo kivyake. Hiki kinakusanya idhini za kupiga kura kutoka kwa wenzao, kisha wawakilishi wake wanaingia kwenye mkutano mkuu wa mwaka na kusimama mbele ya wakurugenzi kama wenye mali, si kama waajiriwa. Sheria ya Ujerumani inawasaidia: mwanahisa, hata mwenye hisa moja, anaweza kuandika hoja ya kupinga pendekezo la wakurugenzi, akiipeleka angalau siku 14 kabla ya mkutano, na kampuni inalazimika kuiweka wazi kwa wanahisa wote, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria. Chama hicho kimetumia njia hiyo mara nyingi, kuhoji kuuzwa kwa vitengo na kupunguzwa kwa kazi.

Je, wanashinda? Kura nyingi wanashindwa, maana mifuko mikubwa ya uwekezaji ndiyo yenye hisa nyingi. Lakini mkurugenzi mkuu analazimika kujibu swali la fundi hadharani. Ukiwahi kukaa kwenye mkutano wa sacco ambapo mama mmoja wa nyuma anauliza pesa za gari zilienda wapi, unajua nguvu ya swali la namna hiyo.

Ufaransa wamekwenda mbele zaidi kwa sheria. Tangu enzi za Jenerali de Gaulle, kwa amri za serikali za mwaka 1959 na 1967, wazo la mfanyakazi kushiriki faida ya kampuni liliingizwa katika sheria za nchi. Serikali ilipoanza kuuza mashirika yake mwaka 1986, wafanyakazi walitengewa hadi asilimia 10 ya hisa zilizouzwa, kwa bei nafuu. Leo hisa nyingi za wafanyakazi huko zinashikwa ndani ya mfuko maalumu wa kampuni. Mfuko una baraza la usimamizi ambalo wafanyakazi wenye hisa wamo, na baraza hilo mara nyingi ndilo linaloamua kura zao zipigwe vipi. Hapo ndipo vyama vya wafanyakazi wanahisa vinapopata kazi: vinasimamisha wagombea wa viti hivyo, vinafundisha wanachama kusoma hesabu, na vina hata shirikisho lao la kitaifa. Tena, katika kampuni kubwa zilizo kwenye soko la hisa, wafanyakazi wakimiliki zaidi ya asilimia 3, lazima mwakilishi wao awe na kiti kwenye bodi. Orange wana kiti kama hicho. TotalEnergies pia, na huko wafanyakazi ni miongoni mwa wanahisa wakubwa zaidi wa kampuni. Toleo la hisa zao hufika nchi nyingi, za Afrika zikiwemo.

Sasa uliza: mfanyakazi wa Mombasa au Kisumu anawakilishwa na nani katika baraza linalokaa Paris au Munich? Kwa maoni yangu huu ndio udhaifu wa vyama hivi. Viongozi wake wengi ni watu wa makao makuu, mikutano ni kwa lugha yao, karatasi ni kwa lugha yao. Hisa yako ya Kenya ina uzito uleule na ya mwenzako wa Ulaya, lakini sauti inapotea njiani. Ukiamua kununua, tafuta kama chama kipo na kama kinapokea wanachama wa nje. 

Yai moja, kikapu kimoja, na kikapu chenyewe ni cha mwajiri

Nilipomweleza shemeji hayo alichangamka. "Basi nichukue zote." Nikamwambia ngoja.

Mshahara wako unatoka kwa kampuni. Bima yako ya hospitali inatoka kwa kampuni. Ukiweka akiba yako pia humo, siku kampuni ikikohoa unapata homa, nimonia na malaria kwa pamoja.

Kisa cha Enron cha Marekani kinajulikana. Agosti 2000 hisa moja ilikuwa karibu dola 90. Zaidi ya nusu ya akiba ya uzeeni ya wafanyakazi ilikuwa kwenye hisa za Enron yenyewe, na zile ambazo kampuni iliwaongezea hawakuruhusiwa kuziuza hadi wafikishe umri wa miaka 50. Vuli ya 2001, wakati bei inaporomoka, mpango ulikuwa ukihamishwa kutoka msimamizi mmoja hadi mwingine, na kwa wiki kadhaa wafanyakazi hawakuweza kugusa akaunti zao. Desemba 2 mwaka huo kampuni iliomba kufilisika. Watu walipoteza kazi na pensheni katika msimu mmoja.

Utasema Enron ilikuwa ya wezi. Haya, tuchukue kampuni ambayo haikufa. France Télécom, ambayo leo ni Orange, iliuza hisa kwa umma mwaka 1997 na wafanyakazi wengi wakanunua. Mapema mwaka 2000 hisa ilipita yuro 200. Mwaka 2002 ilikuwa chini ya yuro 10. Kampuni iliendelea, simu zililia, mishahara ililipwa. Lakini aliyenunua kileleni akiwa na mpango wa kujenga, alijenga kwa kitu kingine.

Na hapa nyumbani? Serikali ilipouza Kenya Airways mwaka 1996, huku KLM ikichukua asilimia 26, sehemu ndogo ya hisa ilitengewa wafanyakazi. Umma uliuziwa kwa shilingi 11.25. Miaka kumi baadaye hisa ilikuwa imepita shilingi 100, na walioshika walionekana werevu. Kisha kampuni ikaingia kwenye hasara, na Julai 2020 biashara ya hisa zake ikasimamishwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Ilirudi Januari 2025. Fikiria miaka minne na nusu una mali ambayo huwezi kuiuza hata kwa mgonjwa aliye hospitalini.

Kuna jambo jingine ambalo barua ya shemeji haikulitaja kabisa: hisa ni za yuro, karo ni ya shilingi. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Katikati ya mwaka huohuo ilikuwa karibu 130. Aliyenunua kitu cha dola 100 kwa 16,000 alikiona kikiwa 13,000 bila bei ya hisa yenyewe kusogea hata senti. Inaweza pia kwenda upande wa pili ukafaidika, ndiyo. Lakini ujue unacheza mechi mbili, si moja.

Na hao wenzake waliokopa kwa simu? Mkopo wa asilimia 7 kwa mwezi ukiuzungusha mwaka mzima umelipa asilimia 84. Punguzo lote la hisa limemezwa kabla ya miezi minne kuisha, na hisa zenyewe bado zimefungwa. Sisi tunakupa huduma za pesa kwa simu na bado tunakwambia waziwazi: usikope mkopo wa muda mfupi kununua kitu utakachokiona baada ya miaka mitano. Wakenya tulishaona haya mwaka 2008, Safaricom ilipouza hisa kwa shilingi 5. Watu walikopa benki, wakapata hisa chache kuliko walizoomba, na kabla ya mwaka kwisha bei ikawa chini ya shilingi 3. Aliyenunua kwa pesa zake alisubiri, na baada ya miaka akacheka. Aliyekopa aliuza kwa hasara ili alipe.

Kama mpango ni wa hapa Kenya

Si kila mpango unatoka ng'ambo. Kampuni na benki kadhaa zilizo kwenye soko la Nairobi zina mipango yao, ambayo kwa kawaida huitwa ESOP. Hapa hisa hushikwa na amana, wadhamini ndio wanaoandikwa kama wenye hisa kwa niaba yenu, na mpango unapaswa kuwa umeidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, yaani CMA. Soma hati ya amana. Najua ni ndefu. Soma angalau ukurasa unaosema wadhamini wanachaguliwa na nani, maana kuna mipango ambapo wafanyakazi wanachagua wao wenyewe na mingine ambapo mwajiri ndiye anayeteua wengi wao. Kati ya hizo mbili kuna tofauti ya mbingu na ardhi siku kampuni inapotaka kuuzwa.

Kodi isikushtue. KRA huhesabu lile punguzo kama faida uliyopata kutokana na kazi, kwa hivyo itatozwa. Mgao kutoka kampuni ya Kenya hukatwa asilimia 5 kabla haujakufikia ukiwa mkazi wa hapa. Hisa za kampuni ya nje zina makato ya kule pia, na hapo muulize mhasibu wa kazini, si jamaa wa mtandaoni.

Halafu kuna simu yako. Kampuni nyingi sasa hutuma mgao moja kwa moja kwenye akaunti ya pesa kwa simu, jambo zuri maana hakuna tena cheki ya shilingi 340 kupotelea posta. Lakini hakikisha laini iliyoandikwa kwenye daftari la wanahisa ni yako na bado unaitumia, na jina ni lile la kitambulisho, herufi kwa herufi. Ukibadilisha laini, toa habari siku hiyohiyo. Mgao usiodaiwa kwa miaka hupelekwa kwa mamlaka ya serikali ya mali isiyodaiwa, UFAA, na kuurudisha kunawezekana lakini ni safari. Andika pia mrithi. Watu wengi wamejaza mrithi kwenye sacco na kusahau kwenye hisa.

Na matapeli wanajua msimu wa mgao kuliko wewe. Utapigiwa: "Sisi ni wa ofisi ya hisa, mgao wako umekwama, tutumie ada ndogo ya kuufungua," au "taja PIN tuhakikishe ni wewe." Mgao hauna ada ya kufunguliwa. PIN yako haihitajiki kukutumia pesa. Mtu yeyote anaweza kukutumia pesa akijua namba tu. Kata simu, kisha uripoti namba hiyo kwa huduma kwa wateja.

Shemeji alifanyaje

Jumanne nilimpa maswali manne aende nayo HR. Nikifukuzwa au nikiacha kazi kabla ya miaka mitano, hisa zinakwenda wapi? Ni mambo gani yanayoruhusu kuzitoa mapema? Kule Ufaransa sheria inaruhusu kwa ndoa, ulemavu, kifo, kununua nyumba ya kuishi au kuacha kazi, lakini kwa wafanyakazi wa nchi nyingine orodha hubadilika kulingana na sheria za kwao. Nani anapiga kura ya hisa zangu? Na bei ya yuro itabadilishwa kuwa shilingi siku gani: siku ya kujiandikisha au siku ya kununua?

Mama wa HR, alivyonieleza, alivua miwani. Hakuna aliyewahi kumuuliza la tatu. Alijibu mawili palepale, la tatu na la nne akasema ataandikia makao makuu.

Alhamisi usiku shemeji alikaa na dada yangu mezani na kalamu. Wakatoa karo kwanza. Wakatoa sacco, kwa sababu mkopo wa ujenzi unategemea akiba ile. Kilichobaki kilikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi, basi akajiandikisha hizo tu, 24,000 kwa mwaka badala ya 60,000. Wenzake walimcheka kidogo kwenye zamu. Mmoja wa wale waliokopa alimfuata baadaye pembeni, akamwomba ile karatasi ya maswali.

Jibu la bei ya yuro lilikuja baada ya wiki: ni siku ya kununua. La kura bado. Jana ameniandikia, maneno matatu kama kawaida yake: "Bado nangoja, Shem."